Kilemba cha Ukoka Hakilipi Kodi ya Chumba

Siku hizi ni nadra kongamano la vijana kumalizika bila mgeni rasmi kuwakumbusha washiriki kwamba simu walizoshika ni ofisi. Pigeni picha, wanaambiwa, ziuzeni, mtapata fedha ya kujikimu huku mkiendelea na masomo au mkisubiri ajira. Ushauri wenyewe si wa uongo, kwa kuwa picha ni mali na huuzwa. Kinachonikera ni nani anayeutoa. Makofi yakiisha, kitengo cha mawasiliano cha taasisi ya mgeni huyo humfuata kijana aliyekuwa na kamera ukumbini, kikamwomba awatumie "zile picha nzuri nzuri," na hakuna anayeuliza bei.

Hoja yangu katika makala hii ni moja. Watumiaji wakubwa wa picha za vijana wetu ni wizara, halmashauri, vyuo vikuu, asasi za kiraia na vyombo vya habari, na hao ndio wasiolipa. Maadamu hali ni hiyo, kumwambia mwanafunzi ajipatie kipato cha ziada kwa kamera ni sawa na kumwambia mkulima alime kwa bidii huku ghala lake limeachwa wazi na funguo wanazo majirani. Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watumishi wa umma, wanaharakati na wanafunzi. Ninaandika nikijua kwamba aliye na madaraka ya kusaini malipo, na aliye na madai, wote wawili wanasoma sentensi hii.

Chukueni mfano mmoja. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye nilikuwa nikisimamia utafiti wake alikwenda katika ofisi moja ya umma kufuatilia kibali cha kukusanya data. Ukutani, nyuma ya meza ya afisa, ilining'inia kalenda ya taasisi hiyo. Mwezi wa Machi ulikuwa umepambwa kwa picha aliyoipiga yeye alfajiri pale Kunduchi, wavuvi wakishusha samaki. Alikuwa ameiweka katika akaunti yake ya Instagram ikiwa na jina lake kwenye kona. Kona hiyo ilikuwa imekatwa. Alinisimulia mazungumzo yao, nami nayaandika kama alivyonipa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, mama, ile picha ya mwezi wa Machi ni ya kwangu."

"Ala! Hongera sana. Kumbe una kipaji. Si unaona umeanza kujulikana?"

"Jina langu halipo, mama."

"Basi mwakani tutaliweka. Wewe endelea kutuletea tu."

Kijana hakuendelea na madai. Alihitaji kibali, na mwenye kalenda ndiye aliyekuwa na muhuri.

Sidhani kwamba yule mama alikuwa na nia mbaya, na hapo ndipo penye tatizo. Mtumishi huyo huyo hawezi kuchukua kilo mbili za mchele katika duka la kijana akamwambia hongera, mchele wako ni mtamu, utajulikana. Angeona aibu. Picha anaichukua bila aibu kwa sababu tumezoeshwa kuamini kwamba kisichopimwa kwa mizani hakina mwenyewe. Lugha yetu ina jina la malipo ya sifa tupu: kumvika mtu kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani. Ukijizungushia kichwani utapendeza asubuhi, na jua likipanda utanyauka. Hakuna mwenye nyumba wa Sinza wala Changanyikeni anayeupokea kuwa kodi ya chumba.

Tuhesabu basi gharama ya ile picha ya Machi. Kamera iliyotumika na lenzi moja ni mamia ya maelfu ya shilingi, na kijana aliidunduliza kutokana na bumu lake na kazi za kupiga picha za mahafali. Kuna kadi ya kuhifadhia picha na betri ya akiba. Kuna nauli ya bodaboda, kwa kuwa wavuvi hawasubiri daladala ianze safari. Kuna kompyuta ya kusafishia picha na bando la kuipandisha mtandaoni. Kuna asubuhi tatu alizorudi mikono mitupu kwa sababu ya mawingu. Kuna pia miaka ya kujifunza kutazama, ambayo haina risiti. Anayesema kwamba kijana "alibofya tu" anafanana na anayesema kwamba fundi cherehani alikanyaga tu pedeli.

Sheria haina utata katika jambo hili. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999. Zanzibar ina sheria yake ya 2003, na Kenya ina ya 2001. Nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, mkataba ambao tangu 1886 umekuwa msingi wa hakimiliki duniani. Chini ya mkataba huo, haki huzaliwa pamoja na kazi. Mpiga picha halazimiki kusajili, kubandika alama wala kuandika onyo ndipo picha iwe yake. Kidole kikishatoka kwenye kitufe, mali ipo na mwenyewe yupo. Haki hizo ni za aina mbili. Kuna haki za kiuchumi, yaani uamuzi wa nani anakili, anachapisha na analipa nini. Kuna pia haki za kimaadili, yaani kutajwa jina na kutoharibiwa kazi yako. Kwa kukata ile kona, mtengeneza kalenda alivunja zote mbili kwa mkasi mmoja.

Naam, sheria ina ruhusa maalumu. Mwalimu anaweza kutumia kazi ya mtu darasani kwa kiasi, mhakiki anaweza kunukuu, mwanahabari anaweza kuonyesha kazi katika kuripoti tukio lenyewe. Ruhusa hizo zina mipaka, na kalenda ya ukutani, bango la barabarani au jalada la mpango mkakati havimo ndani yake.

Ninazijua hoja zinazotolewa kunijibu, na nitazipitia kwa zamu.

Hoja ya kwanza ni kwamba picha "ilikuwa mtandaoni." Nguo zilizoanikwa uani nazo ziko nje, wala hatuzichukui. Mtandao ni dirisha la duka la mpiga picha. Asipoziweka pale hakuna atakayezijua, na akiziweka tunaiita kuwa ni sadaka. Anayetumia hoja hii na achukue nembo ya benki yoyote iliyoko mtandaoni aiweke kwenye bidhaa zake, kisha aone mawakili wa benki watachukua siku ngapi kumfikia. Wote tunajua kwamba kilichoko mtandaoni kina mwenyewe. Tunachokiangalia ni kama mwenyewe huyo ana wakili.

Hoja ya pili ndiyo niipendayo, kwa sababu hutolewa na watumishi waaminifu. Wanasema taratibu za ununuzi wa umma ni ndefu mno kwa picha ya shilingi elfu hamsini; hakuna kifungu, hakuna mzabuni, mkaguzi atauliza. Nawauliza nao: chai ya kikao ina mzabuni gani? Kikao cha watu 20, chai na chakula cha mchana kwa shilingi 10,000 kila mmoja, ni shilingi 200,000. Dokezo huandikwa asubuhi, masurufu hutoka, sambusa hufika saa nne kamili. Nchi iliyoweza kuandaa utaratibu wa kulipia sambusa haiwezi kudai kwamba imeshindwa kuandaa utaratibu wa kulipia picha. Zaidi ya hapo, utaratibu wetu wa ununuzi wa umma unazitaka taasisi nunuzi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo. Kikundi cha vijana watano wapiga picha kilichosajiliwa ndicho hasa kilichokusudiwa na utaratibu huo. Afisa masuuli anayelalamika kwamba hapati wazabuni vijana anaweza kuanza na wale ambao tayari anatumia kazi zao.

Hoja ya tatu inawaelekeza vijana nje: soko la dunia lipo, auze huko. Hoja hii inahitaji hesabu, kwa sababu vijana wengi wanaivaa kichwani bila kuipima.

Soko lenyewe ni la kweli. iStockphoto ilianzishwa Kanada mwaka 2000, Shutterstock ikaanzishwa New York mwaka 2003, na kwa mara ya kwanza mtu yeyote mwenye kamera, popote alipo, aliweza kuziweka picha zake mahali ambapo gazeti la Berlin au kampuni ya Tokyo ingezinunua. Kwa miaka michache wapo waliolipia ada za watoto kwa njia hiyo. Lakini mwaka 2006 Getty Images iliinunua iStockphoto kwa dola milioni 50, na bei za picha zikaendelea kushuka kadiri picha zilivyoongezeka. Mwezi Juni 2020 Shutterstock ilibadili mfumo wake wa malipo. Tangu hapo mpiga picha huanza kwa kulipwa asilimia 15 ya bei ya mauzo, hupanda ngazi kadiri anavyouza, na ifikapo tarehe 1 Januari kila mwaka hurudishwa ngazi ya chini kabisa, hata kama Desemba alikuwa juu. Kiwango cha chini cha malipo kwa picha moja kikawa senti 10 za Marekani. Mwezi Januari 2025 Getty Images na Shutterstock zilitangaza nia ya kuungana. Msomaji aliyewahi kuuza korosho au pamba kwa mnunuzi mmoja haitaji mhadhara wangu kuelewa maana ya habari hiyo.

Tuseme dola moja ni shilingi 2,500. Senti 10 ni shilingi 250. Si kila mauzo hulipa kiasi hicho, yapo yanayolipa dola kadhaa, lakini anayepanga maisha hupanga kwa kiwango cha chini. Ili apate shilingi 250,000 kwa mwezi kwa kiwango hicho, mwanafunzi wetu anahitaji picha zake zipakuliwe mara 1,000 kila mwezi, zikishindana na picha nyingine zaidi ya milioni 400 zilizomo katika ghala hilo. Halafu Marekani hukata kodi ya asilimia 30 ya mrabaha unaotokana na mauzo ya ndani ya nchi hiyo pale mlipwaji anapotoka katika nchi isiyo na mkataba wa kodi nayo, na Tanzania haina mkataba huo. Kisha lipo suala la kuipata fedha yenyewe mkononi. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa nchini mwetu ilikuwa ya kulipa, si ya kupokea, ilhali jirani zetu wa Kenya tangu 2018 wameweza kuihamishia M-Pesa. Hayo si mambo ya kipaji cha kijana. Ni mambo ya mikataba na sera, na wanaoweza kuyashughulikia ni wale wale wanaompa kijana ushauri jukwaani.

Simwambii mwanafunzi asiuze nje. Auze. Lakini ghala la dunia linapenda picha ambazo zingeweza kupigwa popote: mikono miwili ikisalimiana, kikombe cha kahawa, machweo. Picha ya mkutano wa kijiji kuhusu mpaka wa hifadhi, ya mama ntilie akihesabu mauzo, ya bonde la Jangwani baada ya mvua, hiyo mnunuzi wake wa kwanza yuko hapa hapa. Tukikataa kuilipia sisi, tumeiua kabla haijazaliwa, na baada ya miaka 20 tutaishi ndani ya picha za machweo.

Hoja ya nne ni mpya: akili unde itatengeneza picha zote, kwa hiyo fani hii imekufa na haina haja ya kutetewa. Kwanza, mashine hiyo haikuzaliwa na njaa ya kuona, ililishwa. Ghala la Shutterstock lilitumiwa na kampuni ya OpenAI katika kufundisha programu yake ya kuunda picha, kwa makubaliano ya kulipana, na mwaka 2022 Shutterstock ikatangaza mfuko wa kuwagawia wapiga picha sehemu ya mapato hayo. Yaani hata mashine hulipia picha, ingawa kwa mkono mfupi. Pili, kuna kazi ambayo mashine haiwezi kuifanya kihalali. Ripoti ya utekelezaji inayoonyesha kisima kilichochorwa na kompyuta ni ripoti ya kughushi. Siku mkaguzi atakapokwenda kijijini na kukuta kichaka, afisa aliyeokoa elfu hamsini za mpiga picha atakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Kadiri picha bandia zinavyozidi kuwa rahisi, ndivyo picha ya kweli, iliyopigwa na mtu anayejulikana, mahali na saa inayojulikana, inavyozidi kuwa ushahidi. Bei yake ilipaswa kupanda.

Nimewasema watumishi wa umma. Sasa niwageukie wanaharakati, ambao wengi wao ni marafiki zangu. Asasi zinazoandika maandiko ya miradi kuhusu haki na stahiki za vijana ndizo hodari wa neno "kujitolea." Mfadhili hutoa bajeti, na ndani yake kuna fungu la mawasiliano. Mtaalamu mwelekezi hulipwa, ukumbi hulipwa, fulana hulipwa. Mpiga picha, kwa kuwa ni kijana na anaiamini harakati, huambiwa achangie. Mwisho wa mwaka picha zake ndizo zinazopamba ripoti itakayoombea fedha nyingine. Mapambano yanayojengwa juu ya jasho lisilolipwa hayana tofauti kubwa na yale yanayopambana nayo. Anayetaka kujitolea na ajitolee kwa hiari yake, na iandikwe kwamba amejitolea kazi yenye thamani ya shilingi kadhaa, ili thamani yake isipotee hata pale anapoisamehe.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba tunapotaka tunajua kulipa. Miaka michache iliyopita nilihitaji picha mbili za mwambao wa karne ya 19 kwa ajili ya sura ya kitabu. Ziko katika hifadhi moja ya Ulaya. Hifadhi ilinipa fomu: kitabu kitachapwa nakala ngapi, picha itakuwa na ukubwa gani, itakuwa ndani au kwenye jalada. Ikatoa ankara, nayo ikalipwa bila mtu yeyote kuniuliza kama wahusika wasingeridhika kwa "kujulikana." Picha zile ni za babu zetu, zilipigwa hapa, na tunazinunua kwa fedha za kigeni. Ukumbi ule ule wa utawala uliopitisha ankara ile umejaa picha za wanafunzi wetu ukutani, na sijawahi kusikia ankara ya mmoja wao.

Fomu ile ina funzo, kwa sababu inaonyesha jinsi biashara ya picha inavyofanya kazi. Anayeuza picha hauzi karatasi, hukodisha matumizi. Tovuti kwa mwaka mmoja ni bei moja, jalada la kitabu ni bei nyingine, bango la barabarani ni nyingine. Picha moja nzuri yaweza kukodishwa mara 30 katika maisha yake, na ndiyo maana ni kipato cha ziada kinachomfaa mwanafunzi: kazi ya asubuhi moja inaweza kumlipa tena akiwa amelala au yuko chumba cha mtihani. Wazee wa fani hii kwetu walilijua jambo hilo mapema. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko Zanzibar mwaka 1930, na picha za Mji Mkongwe zilizotoka katika studio ile zimeendelea kuuzwa kwa vizazi. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliianzisha Camerapix hapa Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka 20. Dunia inamkumbuka kwa filamu ya njaa ya Ethiopia ya 1984. Alipofariki katika ajali ya ndege karibu na Comoro mwaka 1996, aliacha hazina kubwa ya picha ambayo imeendelea kutunzwa na kutumika. Kipaji alikuwa nacho, lakini alikuwa pia na kabati la kumbukumbu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kabla sijafika kwenye madai, haki inanidai nimkumbuke mtu wa tatu: aliyepigwa picha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mvuvi wa Kunduchi naye ana uso, na uso wake si mali ya mwanafunzi wangu wala ya kalenda. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nchini Kenya, mwezi Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza faini shule moja zaidi ya shilingi milioni 4.5 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi watoto bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi milioni 1.85 kwa kumweka mteja mtandaoni bila idhini yake. Kijana anayetaka kuuza picha za watu ajifunze kuomba, aeleze picha itatumika wapi, apate ridhaa kwa maandishi, na akiuza amkumbuke aliyemsimamia mbele ya lenzi. Wanaodai kutoibiwa wasianze kwa kuiba nyuso. Lakini ofisi isiyomlipa mpiga picha haiwezi kujificha nyuma ya mvuvi, kwani mvuvi naye haikumlipa.

Madai yangu kwa taasisi ni machache na hayahitaji sheria mpya.

Kila wizara, halmashauri, chuo kikuu na asasi iandike ukurasa mmoja wa sera ya matumizi ya picha na kuutangaza. Ukurasa huo uwe na bei. Napendekeza, kwa kuanzia, shilingi 30,000 kwa picha moja ya tovuti au mitandao ya kijamii kwa mwaka, na shilingi 100,000 kwa kalenda au jalada. Taasisi yenye uwezo iongeze. Kuwe na fungu dogo katika bajeti ya mawasiliano, lilipwe kwa masurufu kama yanavyolipwa mambo mengine madogo, na malipo yatoke ndani ya siku 30. Jina la mpiga picha liandikwe kila mahali picha inapotokea, kwa herufi zinazosomeka. Picha ambayo mwenyewe hajulikani isitumike. Wakaguzi wa ndani nao, ambao huuliza risiti ya kila lita ya dizeli, waanze kuuliza swali moja zaidi wanapofungua ripoti yenye rangi nzuri: picha hizi ni za nani, na hati ya malipo iko wapi?

Vyuo vikuu vina deni kubwa zaidi, kwa kuwa vinafundisha. Hatuwezi kumfukuza mwanafunzi kwa kunakili aya tatu za mwandishi mwingine, tukiita wizi wa kitaaluma, kisha tukaipamba brosha ya udahili kwa picha yake bila kumtaja. Kanuni ni moja na ile ile. Ikiwa inamfunga aliye darasani, inamfunga pia aliye utawala.

Kwenu wanafunzi, haki isiyodaiwa huota kutu. Hifadhini faili za asili na msimpe mtu. Toeni nakala ndogo ya kuangalia, kubwa itoke baada ya malipo. Andikeni jina na tarehe ndani ya taarifa za faili, kwani hizo hazikatwi kwa mkasi wa kona, ingawa mjue kwamba mitandao mingi ya kijamii huzifuta picha inapopandishwa, kwa hiyo faili la asili ndilo shahidi wenu. Msiuze "picha", uzeni matumizi, kwa muda na mahali palipotajwa kwa maandishi, hata kama maandishi hayo ni ujumbe wa WhatsApp. Sajilini kazi zenu COSOTA, kwa Zanzibar COSOZA. Haki haitokani na usajili, ila usajili hurahisisha ushahidi. Mkikuta picha yenu imetumika, msiandike matusi mtandaoni. Andikeni barua ya heshima yenye ankara, mpeleke nakala masijala ili igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua iliyogongwa muhuri ni vigumu kuambiwa hongera.

Tena msidai mmoja mmoja. Kijana mmoja mbele ya meza ya afisa mwenye kibali chake atanyamaza kila mara, nami simlaumu. Umoja wa wapiga picha wa chuo kizima, wenye orodha moja ya bei na barua moja kwa taasisi zote, hauna kibali unachosubiri.

Na wewe mtumishi unayesoma makala hii ukiwa ofisini, huhitaji kusubiri waraka. Geuka uitazame kalenda iliyo ukutani kwako. Tafuta jina la aliyepiga picha ya mwezi huu. Ukilikuta, mshukuru Mungu kwamba unafanya kazi na watu waungwana. Usipolikuta, andika dokezo leo, kabla ya saa ya chai.